Mayotte (Maore)

Mayotte, au Maore kama wenyeji wanavyoiita, ni kisiwa cha kusini-mashariki katika funguvisiwa la Komori, kaskazini mwa Mlango-Bahari wa Msumbiji. Kwa jiografia, dini na ukoo ni ndugu wa Ngazija, Nzwani na Mwali. Kwa sheria ni mkoa wa 101 wa Jamhuri ya Ufaransa, tena ni sehemu ya Umoja wa Ulaya. Nzwani iko umbali wa kilomita 70 hivi. Paris iko kilomita 8,000. Ndugu watatu walijitawala mwaka 1975, wa nne akabaki.

Visiwa vidogo vilivyobaki chini ya mataifa ya Ulaya ni vingi, kuanzia Karibi hadi Pasifiki. Mayotte inatajwa zaidi ya vingine kwa sababu wakazi wake walipiga kura mara kadhaa kubaki na mkoloni, huku serikali ya Komori, Umoja wa Afrika na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa vikishikilia kwamba kura hizo hazikuwa halali.

Mahali na wakazi

Eneo lake ni kilomita za mraba 374, karibu sawa na Unguja ikigawanywa mara nne. Kuna kisiwa kikubwa, Grande-Terre, chenye mji wa Mamoudzou, na kidogo, Petite-Terre, chenye uwanja wa ndege na mji wa kale wa Dzaoudzi. Mlima Bénara una urefu wa mita 660. Mwamba wa matumbawe umevizunguka visiwa hivi na kuacha katikati bahari pana iliyotulia, inayofaa kwa vyombo kutia nanga. Sifa hiyo ndiyo iliyowavuta Wafaransa.

Mwaka 1958 kisiwa kilikuwa na watu wapatao 23,000. Sensa ya 2017 ilihesabu 256,518, na karibu nusu yao walikuwa raia wa nchi nyingine, hasa Komori. Wakazi karibu wote ni Waislamu. Lugha ni Shimaore, iliyo jamaa wa karibu wa Kiswahili, na Kibushi, lahaja ya Kimalagasi. Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi na shule. Mswahili anayeshuka Mamoudzou husikia maneno anayoyajua tangu sokoni: maji ni maji, nyumba ni nyumba, na mgeni mweupe anaitwa mzungu.

Masultani

Kabla ya Wafaransa kisiwa kilikuwa na masultani wake na misikiti yake, kikiwa ndani ya mtandao uleule wa biashara uliojenga Kilwa, Lamu na Zanzibar. Msikiti wa Tsingoni, ambao kibla chake kina maandishi ya mwaka 1538, bado unasaliwa.

Mkataba wa 1841

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mayotte ilikuwa mawindo. Wavamizi kutoka Madagaska waliitia moto mara kwa mara, na masultani wa Nzwani na Mwali waliidai kuwa yao. Mtawala wa wakati huo, Andriantsoly, alikuwa yeye mwenyewe mkimbizi: mfalme wa Wasakalava wa Boina aliyefukuzwa Madagaska na majeshi ya Wamerina. Alikuwa na kiti, hakuwa na nguvu ya kukilinda.

Ufaransa nayo ilikuwa imenyang'anywa na Waingereza kisiwa cha Île de France, ambacho leo ni Mauritius, na ilikuwa ikitafuta bandari nyingine katika Bahari ya Hindi. Tarehe 25 Aprili 1841 Andriantsoly alitia saini mkataba na nahodha Pierre Passot, akakitoa kisiwa kwa malipo ya mwaka ya piastra 1,000. Paris iliuidhinisha mkataba mwaka 1843. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1846, utumwa ulipigwa marufuku Mayotte, kabla ya makoloni mengine ya Ufaransa yaliyosubiri hadi 1848. Watumwa walioachiwa wengi wao walijikuta wakifungwa kwa mikataba ya kazi katika mashamba ya miwa ya Wazungu. Miwa ilipodorora, mashamba yakageukia vanila na mlangilangi.

Ndugu watatu waliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886, yaani miaka 45 baadaye, nao waliwekwa kwa shinikizo la manowari. Tofauti hii ya tarehe ilionekana ndogo wakati huo, kwa kuwa mwaka 1912 visiwa vyote vinne vilifanywa koloni moja na kuunganishwa na Madagaska. Ilipofika miaka ya 1960, wanasiasa wa Mayotte waliikumbusha kila siku: sisi tulikuwa Wafaransa kabla ya Nice na Savoie, maeneo ya Ulaya ambayo Ufaransa iliyapata mwaka 1860.

Mji mkuu unahamishwa

Mwaka 1946 Komori ilitengwa na Madagaska na kuwa eneo la ng'ambo, mji mkuu ukiwa Dzaoudzi. Mahali hapo palikuwa finyu, mwamba uliounganishwa na Petite-Terre kwa tuta la barabara, lakini ndipo zilipokuwa ofisi, mishahara na maduka. Ngazija na Nzwani, zenye watu wengi na familia kubwa za kisiasa, zilitawala baraza la eneo. Mayotte ilikuwa na viti vichache mno kuweza kuzuia jambo lolote.

Mwaka 1958 baraza lilipiga kura kuhamishia mji mkuu Moroni, Ngazija. Kuhama kulifanyika kidogokidogo katika miaka ya 1960. Makarani waliondoka, wakafuatwa na familia zao, kisha wafanyabiashara. Wanawake wa Pamandzi na Dzaoudzi waliokuwa wakiuza chakula, kufua na kupangisha vyumba walibaki na nyumba tupu. Katika mila za Mayotte nyumba ni mali ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Kwa hiyo hasara ya kuhama kwa serikali ilimwangukia mama mwenye nyumba kwanza.

Rais wa serikali ya ndani, Saïd Mohamed Cheikh, alipozuru kisiwa mwaka 1966 alipokewa kwa zomeazomea na mawe. Kuanzia hapo neno "Moroni" likawa na maana ya bwana mpya, na "Paris" likawa na maana ya bwana wa zamani aliye mbali.

Wanawake wa kutekenya

Upinzani uliofuata ni miongoni mwa mambo ya ajabu katika historia ya siasa za Afrika. Uliongozwa na Zéna M'Déré, aliyezaliwa Pamandzi mwaka 1917 na kuishi miaka mingi Madagaska kabla ya kurudi. Mbinu yake ilikuwa kutekenya.

Ofisa au waziri kutoka Moroni aliposhuka gatini, kundi la wanawake lilimzunguka na kuanza kumtekenya mbavuni na kwapani. Mheshimiwa alicheka, akajikunja, akapoteza kofia na heshima, kisha akarudi chomboni. Polisi walijikuta katika fedheha: kuwapiga mama wa watu waliovaa saluva, vazi la kienyeji, na kupaka liwa usoni kwa kosa la kutekenya lingekuwa aibu kubwa kuliko kosa lenyewe. Wafaransa waliwapa wanawake hao jina la "chatouilleuses".

Si kila siku ilikuwa ya kicheko. Oktoba 1969, katika makabiliano bandarini Mamoudzou, Zakia Madi alipoteza maisha, naye anakumbukwa hadi leo kama shahidi wa harakati hiyo. Kisiwa kiligawanyika: waliotaka kubaki na Ufaransa waliitwa "sorodas", yaani askari, na waliotaka umoja na Komori waliitwa "serre-la-main", wapeana mikono. Wapeana mikono walisusiwa na majirani, na baadhi walilazimika kuhama. Makala nyingi zinazowasifu wanawake wa kutekenya hulipita jambo hili haraka.

Upande wa wanaume, chama cha harakati hiyo kiliongozwa na watu kama Marcel Henry na Younoussa Bamana. Huko Paris walipata masikio, hasa ya Michel Debré, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa mbunge wa Réunion. Kaulimbiu ya Kishimaore iliyotokana na enzi hizo, "Ra hachiri", yaani tuko macho, imo katika nembo ya Mayotte hadi leo.

Kura ya 1974 na herufi moja

Chama cha ukombozi wa Komori, MOLINACO, kilianzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960 kati ya Wakomori waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki, na hoja ya uhuru ilipata nguvu hadi Paris ikakubali kuitisha kura ya maoni. Sheria ya Novemba 1974 ilisema kwamba wataulizwa "wananchi" wa Komori kwa neno la Kifaransa lililo katika wingi, les populations, si la population. Herufi moja ya wingi ilifungua mlango wa kuhesabu kura kisiwa kwa kisiwa.

Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vyote kwa pamoja viliunga mkono uhuru kwa karibu asilimia 95. Mayotte peke yake ilikataa kwa zaidi ya asilimia 63. Bunge la Ufaransa likaweka sharti jipya: katiba ya nchi mpya ikubaliwe na kila kisiwa. Moroni haikusubiri. Tarehe 6 Julai 1975 rais wa serikali ya ndani, Ahmed Abdallah, alitangaza uhuru wa visiwa vinne. Ufaransa ikatambua vitatu.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Agosti, Abdallah alipinduliwa. Kwa Wamaore waliokuwa bado wanasitasita, mapinduzi hayo yalikuwa kampeni tosha.

Kura ya turufu

Komori ilipokewa Umoja wa Mataifa tarehe 12 Novemba 1975 ikiwa nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ilipopanga kura nyingine Mayotte, suala lilifikishwa kwenye Baraza la Usalama. Tarehe 6 Februari 1976 wajumbe 11, Tanzania ikiwamo, waliunga mkono azimio la kuitaka Ufaransa iachane na kura hiyo. Marekani, Uingereza na Italia hazikupigia kura upande wowote. Ufaransa ilitumia kura ya turufu.

Siku mbili baadaye, tarehe 8 Februari, Wamaore walipiga kura. Waliotaka kubaki walikuwa zaidi ya asilimia 99. Baraza Kuu lilijibu mwezi Oktoba kwa Azimio 31/4, likaitangaza Mayotte kuwa sehemu isiyotenganishika ya Komori, na likaendelea kupitisha maazimio ya aina hiyo hadi mwaka 1994. Hoja za kisheria ni mbili, na hazijawahi kukutana. Komori na Afrika zinasimama juu ya mipaka: koloni hujitawala likiwa zima, halikatwi siku ya kuondoka. Ufaransa inasimama juu ya utashi wa wakazi na katiba yake, isemayo kwamba hakuna ardhi itakayotolewa bila ridhaa ya watu wanaohusika.

Kutoka eneo hadi mkoa

Kwa miaka 35 Mayotte ilikuwa na hadhi ya muda. Wakazi walitaka kufanywa mkoa kamili, kwa kuwa hadhi ya muda inaweza kufutwa. Paris ilisitasita kwa sababu ya gharama na ya kelele za kidiplomasia. Tarehe 29 Machi 2009 asilimia 95 ya waliopiga kura walikubali kisiwa kiwe mkoa. Kilifanywa hivyo tarehe 31 Machi 2011, na tarehe 1 Januari 2014 kikaingia katika Umoja wa Ulaya kama eneo lake la pembezoni.

Gharama ya ndani ilikuwa kubwa. Makadhi waliondolewa mamlaka ya kuhukumu mwaka 2010, ndoa mpya za wake wengi zilizuiwa, na watu waliokuwa na jina lao na la baba walitakiwa wawe na jina la ukoo mfano wa Wafaransa. Kwa upande wa mapato, usawa umechelewa: posho ya msingi kwa wasio na kipato bado ni karibu nusu ya ile ya Ufaransa bara.

Bahari ya Nzwani

Hadi mwaka 1995 Mkomori alipanda chombo Nzwani akashuka Mayotte kuhudhuria harusi, kutibiwa au kuuza ndizi. Januari mwaka huo serikali ya waziri mkuu Édouard Balladur ilimlazimu awe na viza. Safari hazikukoma, zilihamia usiku, katika boti ndogo za faiba ziitwazo kwassa-kwassa, zilizobeba watu kupita kiasi. Ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu 7,000 hadi 10,000 waliozama tangu viza ilipowekwa. Wazamao ni binamu wa wanaowazuia.

Hapa ndipo mambo ya Mayotte yanapogusa bara. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwa miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyoikomboa Nzwani kutoka kwa mtawala wake aliyeasi, Kanali Mohamed Bacar. Kanali aliwahi mashua, akakimbilia Mayotte, na Wafaransa wakamhamishia Réunion. Miaka ya karibuni wakimbizi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi nao wamefika kisiwani, na mwanzoni mwa 2024 kambi yao katika uwanja wa michezo wa Cavani, Mamoudzou, ilibomolewa baada ya maandamano ya wakazi.

Sababu za kubaki

Maelezo ya kawaida barani Afrika ni kwamba Ufaransa imeng'ang'ania bahari. Yana ukweli. Maeneo ya ng'ambo ndiyo yanayoipa Ufaransa ukanda wa kiuchumi wa bahari wa pili kwa ukubwa duniani, na kikosi cha Jeshi la Kigeni kiko Dzaoudzi, karibu na njia ya meli na gesi ya Msumbiji. Lakini bahari peke yake haielezi yaliyotokea mwaka 1997. Mwaka huo Nzwani ilijitenga na Komori, ikapandisha bendera ya Ufaransa na kuomba irudishwe. Nzwani nayo ina bahari na bandari. Paris ilikataa.

Sababu ya pili ni jirani. Mapinduzi ya 1975, mamluki wa Bob Denard waliomrudisha Abdallah madarakani mwaka 1978, kuuawa kwa Rais Abdallah mwaka 1989 na jaribio jingine la Denard mwaka 1995 viliwapa Wamaore sababu mpya kila muongo. Ya tatu ni huduma: hospitali, shule na mishahara ya serikali ambayo Moroni haiwezi kulipa. Ya nne ni muda. Vizazi viwili vimekua na pasipoti ya Ufaransa, na hakuna chama chenye wafuasi kisiwani kinachodai kurudi.

Visiwa vinavyofanana

Anguilla, katika Karibi, ina kisa kinachokaribiana mno na hiki. Mwaka 1967 Uingereza iliiweka pamoja na Saint Kitts na Nevis chini ya serikali moja ya ndani. Waanguilla waliwafukuza polisi wa Saint Kitts, na Waingereza walipotua na askari mwaka 1969, mwisho wake ulikuwa kile wenyeji walichokitaka: kutawaliwa na London badala ya Basseterre, mji mkuu wa Saint Kitts. Aruba nayo ilijitoa katika Antili za Kiholanzi mwaka 1986 ikiahidi kujitawala miaka kumi baadaye. Ilipata kujitenga na Curaçao, makao ya serikali ya Antili hizo, kisha ikauacha uhuru.

Bermuda ilikataa uhuru kwa karibu robo tatu ya kura mwaka 1995. Katika visiwa vya Falkland, kura ya 2013 ilipata watu watatu tu waliokataa kubaki na Uingereza. Tristan da Cunha na Pitcairn zina watu wachache mno kuweza kuendesha serikali.

Visiwa vya Chagos ni kinyume cha Mayotte. Huko wakazi hawakuulizwa: Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965, ikawaondoa watu wote kati ya 1967 na 1973, na Diego Garcia ikawa kambi ya Marekani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwaka 2019 kwamba utengaji huo haukuwa halali, na Mei 2025 London ilitia saini mkataba wa kurudisha mamlaka kwa Mauritius. Komori huyataja maoni hayo ya Chagos. Wamaore hujibu kwamba wao wako nyumbani.

Uchumi

Uchumi wa kisiwa unategemea serikali. Mlangilangi na vanila zimebaki kidogo.

Hali ya sasa

Mayotte ni mkoa maskini kuliko yote ya Ufaransa. Takwimu za 2018 zilionyesha asilimia 77 ya wakazi wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa taifa hilo. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa kisiwani mwaka 2022. Mwaka 2023 ukame ulifanya maji ya bomba yatoke siku moja kati ya tatu, na mwaka huohuo serikali ilianza operesheni iliyoitwa Wuambushu ya kubomoa vibanda vya mabati na kurudisha wahamiaji. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa na kung'oa mitaa mizima ya mabati. Baadhi ya waliopoteza vibanda hawakwenda kwenye makazi ya dharura, wakihofia kukaguliwa karatasi. Mwaka 2025 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kukijenga upya kisiwa.